Mkulima Hayupo

Magoudjou, Moroni
8 Oktoba 1998

Dada yangu Kaltoum,

Salamu hizi zikukute mzima, wewe na shemeji Salimou na mwanangu Nourhane. Kwetu hakuna mgonjwa. Zoubeida alipata homa mwezi uliopita, lakini sasa anagombana na muuza samaki kama zamani, basi najua amepona. Mama yake bado anawasimulia majirani kwamba mkwe wake wa Nzwani alihamia hapa na kabati la vitabu tu, tena lisilofunga mlango. Siwezi kubisha. Mlango haufungi mpaka leo.

Nakuandikia kwa Kiswahili cha baba, kile alichorudi nacho kutoka Unguja, kama tulivyoandikiana siku zote. Simu ya Mutsamudu haishiki, kwa hiyo barua anaibeba Yazid muuza vitambaa, ambaye anavuka kana kwamba visiwa havijagombana. Jibu mpe yeye.

Sasa shauri lililonikalisha kitako. Unaukumbuka mradi wa mpunga na mhogo uliowafikia huko kijijini Patsi, ukawapa mbegu na pingili za mhogo usioshikwa na batobato. Wafadhili wanataka kujua umezaa nini, na kazi ya kuutathmini nimepewa mimi. Mashamba ya hapa Ngazija nimeyakagua mwenyewe. Kwenu siwezi kufika. Ofisi haimtumi mtu wake Nzwani, kisiwa kilichojitangazia uhuru, na ndege ya kwenda Ouani leo inaruka, kesho hairuki. Badala yangu atakuja Mouridi, mwalimu wa hapo Mutsamudu ambaye shule yake imefungwa. Ana fomu niliyopewa na ofisi. Atapita shamba kwa shamba.

Msaidie, na nitakwambia kwa nini. Katika ghala la bandari ya Moroni kuna sanduku la mbao lililoshushwa Julai mwaka jana, siku chache kabla ya bendera yenu mpya. Ndani yake mna mashine ya kukoboa mpunga, iliyoagizwa kwa ajili ya kikundi chenu. Tangu wakati huo imekwama. Tathmini ikisema Patsi wanalima, italetwa. Ikisema hawalimi, itapelekwa kwingine. Basi Mouridi ayaone mashamba, na awaone wakulima.

Ndugu yako,
Abdoulhamid


Mutsamudu
11 Novemba 1998

Abdoulhamid ndugu yangu,

Barua yako imefika ikiwa imefunguliwa na kubandikwa tena kwa ubwabwa, kwa hiyo ujue kuna askari mahali fulani anayefahamu kwamba kabati lako halifungi. Sisi tupo. Nourhane amepata mchumba na hataki nikuambie ni nani, basi sikuambii. Salimou anakusalimu sana. Bandarini meli ni za kuhesabu na wachukuzi wanakaa kwenye kivuli cha ghala wakicheza bao. Mchele wa meli umekuwa kama dawa, unauzwa kwa kikombe. Mjini sasa wanaulizia mpunga wetu, wale wale waliokuwa wakisema una mawe.

Mouridi alikuja. Alikuja Patsi na viatu vilivyopakwa rangi, kwenye ule mteremko, na fomu zake ndani ya mfuko wa plastiki. Tulikuwa shambani sote, tunalima matuta kungojea mvua. Nilimkaribisha. Nikamwonyesha mhogo, nikang'oa shina moja aone mizizi. Akaushika kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani. Kisha akainama kwenye kile kibao cha bati, akasoma, akauliza, "Salimou Ilias yuko wapi?"

Hapa lazima nikukumbushe jambo, maana ulikuwa Moroni wakati huo. Watu wa mradi walipokuja kuandikisha walikaa barazani mwa msikiti wa Patsi, Ijumaa, wanaume wote wametoka kuswali. Wakauliza nani mkulima wa shamba hili, nani wa lile. Mwanamke gani wa kwetu angepaza sauti kutaja jina lake mbele ya hadhara ile, kwa wageni? Tuliona ni adabu kutaja waume zetu. Basi tukataja. Wakaandika, wakaenda mjini, wakarudi na vibao vya bati vyenye majina kwa rangi nyeupe, wakavichomeka kila shamba. Salimou alipoambiwa amekuwa mkulima, tena mkuu wa kikundi, alicheka mpaka akakohoa. Alisema yeye ndiye mkulima pekee duniani mwenye sugu za gunia mabegani na asiyejua jembe linashikwa upande gani.

Nikamwambia Mouridi kwamba Salimou yuko bandarini, ni mchukuzi, na shamba ni langu, la mama yangu na la mama yake. Akasema amesikia, lakini fomu inamtaka mkulima aliyeandikwa. Akaandika. Loutfia, jirani yangu wa mtaro wa chini, ile ngazi ya shamba inayofuata langu, akamwuliza: "Mwalimu, na hili jembe ninalolishika, umeliandika kwamba lipo?" Wanawake wakacheka. Yeye hakucheka. Akaenda kwenye kibao kingine kutafuta mwanamume mwingine.

Nimekuandikia mapema ili uyarekebishe yakiwa bado mabichi.

Dada yako


Moroni
1 Desemba 1998

Dada Kaltoum,

Natumaini mko salama. Ramadhani inakaribia, na mama mkwe ameshaanza kuhifadhi tende chini ya kitanda chake kama watu wa magendo. Barua yako sijaipata. Yazid hajaonekana wiki tatu, wanasema boti yake iko kwenye matengenezo huko kwenu. Zilizonifikia ni fomu za Mouridi, kwa njia ya ofisi.

Nimezisoma mara mbili na nimekasirika, nisikufiche. Nilikuomba jambo moja, Mouridi awaone wakulima. Katika mashamba sitini ya Patsi, arobaini na moja yameandikwa "mkulima hayupo". La kwanza kabisa katika hayo ni la Salimou, mkuu wa kikundi. Nilikueleza mashine inasimama juu ya nini. Je, ilikuwa vigumu kiasi gani kumsimamisha shemeji kwenye shamba lake asubuhi moja? Nimekaa mezani na watu ambao wangependa kusikia kwamba Wanzwani wameacha majembe wakashika bendera. Sasa nimewapa karatasi inayosema hivyo, na imeandikwa na mwalimu wa kwenu.

Nieleze kilichotokea. Rasimu naikabidhi mwishoni mwa Februari. Mwambie Salimou kwamba namdai asubuhi moja.

Abdoulhamid


Mutsamudu
2 Februari 1999

Abdoulhamid,

Idi imepita, Mungu akubali funga zenu. Barua yako ya Desemba Yazid ameniletea jana, pamoja na habari kwamba ile yangu ya Novemba ilikuwa imelala kwenye boti yake wakati wote, chini ya majora ya vitambaa. Ameomba radhi. Sasa umezipata zote mbili pamoja, na unajua kwa nini shamba la kwanza limeandikwa hivyo.

Ya Desemba umeyasikia kwenye redio, Wanzwani kwa Wanzwani, mtaa kwa mtaa, hapa mjini, na wengine wakakimbilia milimani na magodoro. Sitayarudia. Waliopo nyumbani wanakusalimu. Nourhane amesogeza mbele harusi. Mimi siku hizi sitoki. Habari za shamba ananiletea Loutfia jioni, anasimama mlangoni na udongo miguuni na kunisomea kama mwanafunzi: mpunga umefika magotini, panya wameingia mtaro wa tatu, mhogo wa mradi hauna batobato hata jani moja. Matuta yangu wanapalilia wao kwa zamu.

Umekasirika? Mimi nimekasirika zaidi, na nina muda mwingi wa kukasirika. Hebu nikuandikie juu ya hao arobaini na moja. Mume wa Loutfia alivuka kwenda kisiwa cha Maore kabla ya mradi kukauka wino. Mume wa mwingine ana mke wa pili Domoni na anakuja Patsi kula embe. Wawili wamechukuliwa na wanamgambo. Mmoja ameachana na mkewe na ameoa Ouani, na kibao chenye jina lake bado kiko kwenye shamba la mke aliyemwacha, kana kwamba aliliacha jina lake lililinde. Wengi wa waliobaki ni wachukuzi, mafundi, wavuvi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kulima pale. Sasa nieleze wewe msomi, mtu ambaye hakuwahi kuwapo ameliachaje shamba?

Wewe si mgeni. Ungekuwa mzungu wa ofisi ningenyamaza. Umezaliwa katika nyumba ya mama, ukakulia humo, na siku ulipooa ulichukua kabati lako ukahamia kwa mkeo, kama baba alivyohamia kwa mama, kama kila mwanamume wa visiwa hivi. Akitoka mume, paa halianguki. Leo Mouridi angekuja Magoudjou, akabisha, akaambiwa Abdoulhamid yuko kazini, angeandika "mume hayupo, nyumba imeachwa"? Na Zoubeida angemfanya nini?

Mchele wa meli haupo. Mji unakula mhogo wetu na unasubiri mpunga wetu. Tunautwanga kwa kinu, na kinu hakiwezi kulisha mji. Irekebishe ripoti hiyo.

Dada yako


Moroni
14 Machi 1999

Dada Kaltoum,

Barua zako zote mbili nilizipata tarehe sita mwezi huu. Ripoti niliikabidhi tarehe ishirini na sita Februari. Hizo ndizo tarehe, na sina nyingine za kukupa.

Zoubeida mzima. Alinitaka nimsomee sehemu inayomtaja, kisha nimsomee tena, halafu akaenda jikoni. Mama mkwe anauliza kama dada yangu ni wakili.

Uliyoyaandika ni kweli, kila neno. Lakini ujue kazi hii inavyofanyika. Fomu sikuitunga mimi. Imetungwa mbali, ina kisanduku cha jina na kisanduku cha yupo au hayupo, na majina mliyatoa wenyewe kwa midomo yenu, barazani, mbele ya mashahidi. Mlifanya adabu, na adabu yenu ikawa takwimu. Niliandika kwa mkono pembeni ya jedwali kwamba yapo mashamba yanayolimwa na jamaa wa mkulima. Mratibu wa mradi alisema jamaa hawamo katika jedwali, akayafuta. Nilibishana. Mmoja mezani akauliza kama ninayasema hayo kwa utaalamu au kwa Unzwani. Wengine wakaangalia madaftari yao.

Usiniulize zaidi juu ya meza hiyo. Siku hizi natoka Magoudjou kwenda kazini kwa miguu. Kwenye teksi watu wanaongea, na mtu akiongea wanamsikiliza matamshi.

Jingine ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa Yazid. Mashine imeamuliwa ipelekwe kijiji kimoja cha hapa Ngazija. Najua utakalosema. Kisiwa kizima hakina mto, na mpunga unaolimwa humu unaweza kuukobolea kwenye sahani. Nilisema. Waliniambia kijiji hicho wakulima wake wote walikuwapo siku ya ukaguzi, wamevaa kofia na wamepanga mstari.

Mbona Salimou haniletei salamu? Kama amekasirika kwa lile neno la kumdai, mwambie lilikuwa mzaha.

Abdoulhamid


Mutsamudu
19 Aprili 1999

Abdoulhamid,

Nourhane mzima, nyumba haivuji, na wiki iliyopita nimeanza kwenda shambani tena. Hizo ndizo habari za nyumbani.

Tumevuna. Nimekuta mpunga umelala kwa uzito wa masuke, sijapata kuona vile tangu mama alipokuwa hai. Wanawake walikuwa wamenibakizia mtaro wa juu makusudi nivune kwa mkono wangu. Mhogo wa mradi tumeugawa pingili kwa vijiji vya juu bila kumwuliza mtu, kwa sababu hakuna wa kumwuliza. Andika hayo pembeni ya jedwali lako, wayafute.

Kofia na mstari. Nimeisoma sentensi hiyo kwa sauti pale shambani, na Loutfia akakaa chini kwenye tuta. Sisi tulikuwa na udongo mpaka viwikoni, kwa hiyo hatukuwapo. Wao walikuwa na kofia.

Unasema majina tuliyatoa wenyewe. Ni kweli, na kosa hilo nimelikubali mbele ya wenzangu wote. Tuliona haya kutaja majina yetu mara moja, tumelipa misimu mitatu. Lakini sisi tulikosea kwa kutojua fomu. Wewe fomu ulikuwa unaijua na sisi ulikuwa unatujua. Kati ya watu wote waliokaa kwenye meza ile, wewe peke yako ulijua nani analima Patsi, na wewe ndiye uliyetia sahihi. Sikulei tena, Abdoulhamid, nilikulea zamani. Nakwambia tu.

Wanawake wameng'oa vile vibao. Bati ni zuri, na bati halipatikani. Wamevitoboa kwa misumari wakavifanya vya kukunia mhogo, na sasa kila jiko lina jina la mume. Mume wa Loutfia anakuna vizuri kuliko wote. Loutfia anasema ndiyo kazi ya kwanza amemwona akifanya mpaka mwisho. Kibao cha Salimou tu hakikutobolewa. Kina kazi nyingine.

Hilo la teksi nimelisoma. Naona hukuliandika lote, nami sikuulizi. Funga mlango usiku.

Dada yako


Moroni
12 Mei 1999

Dada Kaltoum,

Tupo wote watatu, na hatukuumia. Naanza na hilo kwa sababu najua redio yenu imesema nini juu ya Moroni. Mkutano wa Antananarivo ulipoisha na wawakilishi wenu wakaondoka bila kutia sahihi, vijana waliingia barabarani kuwatafuta Wanzwani. Siku chache baadaye jeshi likashika serikali. Hayo ni ya wote. Nakupa yetu.

Walifika Magoudjou mchana, na fimbo na mawe. Duka la jirani yetu, Mnzwani wa Sima, waliligeuza, bidhaa zikawa njiani, yeye mwenyewe wakamsukuma mpaka bandarini na nguo alizovaa. Kisha wakaja kwetu. Mimi nilikuwa chumba cha ndani, nyuma ya kabati la vitabu. Mama mkwe alikuwa ukumbini anachambua mchele na hakuinuka. Zoubeida alisimama mlangoni. Wakamwuliza mwenye nyumba yuko wapi.

"Mnamwona," akasema.

Wakasema wanamtaka mwanamume, yule Mnzwani.

"Nyumba hii ni ya mama yangu, na kabla yake ilikuwa ya mama yake. Mnzwani hana hata kizingiti humu. Anayetaka kuvunja avunje, lakini ajue anavunja nyumba ya bibi yangu, na kesho mama yake mzazi atakuja hapa kunieleza kwa nini."

Mama mkwe, bila kuinua macho kwenye ungo, akataja wawili wao kwa majina ya mama zao na akawauliza kama wazee wanajua waliko. Wakasimama kidogo. Mmoja akasema kumbe hayupo. Wakaenda nyumba nyingine.

Jioni mama mkwe alisema kabati lile hatimaye limefaa kitu.

Barua yako ya Aprili ilinikuta siku kumi baadaye. Sijibu yaliyomo. Nakwambia nilichofanya. Nilikwenda kwa mratibu, nikamwambia ama anaongeza ukurasa wangu katika ripoti, ama anaondoa jina langu. Ukurasa una aya moja: Patsi hakuna shamba lililoachwa, walioandikwa si wakulima, na wakulima hawakuandikwa. Akasema si wakati wa kuanzisha mambo ya Nzwani. Nikamwambia nimetoka kujifunza nyuma ya kabati namna mtu anavyohesabiwa hayupo. Hakunielewa, lakini alikuwa amechoka, na kila mtu siku hizi amechoka. Ukurasa ameupokea.

Kuhusu mashine, nilifika kile kijiji mwenyewe. Sanduku lilikuwa halijafunguliwa na mbuzi wawili walikuwa wamefungwa kwenye mbao zake. Mkuu wa kijiji aliniuliza kwa heshima kama inasaga mahindi. Nikamwambia haisagi. Akasema basi naweza kuichukua, mradi nimfungulie mbuzi taratibu, mmoja ana mimba.

Yazid anaipakia wiki ijayo. Jina juu ya sanduku sikuweza kulibadili, karatasi za forodha ni za mwaka juzi na wenye kuzibadili hawapo ofisini. Mzigo umeandikwa Salimou Ilias, mkuu wa kikundi. Mwambie ashuke bandarini, kwake si mbali, na safari hii abebe kilicho chake.

Abdoulhamid


Mutsamudu
20 Juni 1999

Abdoulhamid mdogo wangu,

Mwambie Zoubeida nimesimama nilipoisoma barua yako, na sikuketi mpaka nilipoimaliza. Mwambie na mama yake kwamba mimi si wakili, lakini yeye angefaa. Nourhane ataolewa baada ya Maulidi. Nitakuja kwenye jina la mchumba wakati wake.

Sanduku lilifika. Nilishuka bandarini na Loutfia na wengine sita. Ofisa wa forodha ni mpya, meza yake mpya, muhuri wake mpya. Ana muhuri wa nchi ambayo nyinyi hamuitambui, anasoma karatasi za nchi ambayo yeye haitambui, na katika karatasi zote mbili mimi simo. Akasema mwenye mzigo aje mwenyewe. Nikasema hawezi. Akauliza kama anaumwa. Nikasema haumwi. Akasema kama yuko safarini tungoje arudi.

Nikamwambia amezikwa.

Basi na wewe umesikia, kama alivyosikia yeye, mezani. Salimou alikufa tarehe saba Desemba. Hakuwa na bunduki wala bendera. Alikwenda bandarini kuona kama kuna meli, na risasi zilikuwa zinapita barabara ya pwani. Wenzake walimleta nyumbani kwenye mkokoteni wao wa magunia. Nilikaa eda nyumbani miezi yangu minne na siku zake, na ndiyo sababu nilikuandikia kwamba sitoki. Yazid nilimwapisha asikuambie. Usimlaumu, alilia kuliko mimi.

Una haki ya kunikasirikia, na ukija utanikasirikia hapa hapa. Lakini sikukuficha kwa kukuonea huruma. Barua yako ya kumdai asubuhi moja ilinifikia naye yuko chini ya udongo, na fomu zenu ziko mezani kwenu. Nilijua kitakachoandikwa: mkulima amefariki, shamba limeachwa. Sikutaka mkipe kifo chake kazi hiyo.

Ofisa akasema, kama ni hivyo, aje mrithi wa kiume. Wachukuzi walikuwa wamekusanyika, wote wenzake Salimou. Mmoja akasema, "Mama, mzigo wa Salimou hauna haja ya karatasi. Amepita kwenye mlango huu na mizigo ya watu maisha yake yote." Wakaliinua sanduku mabegani. Ofisa akainama kutafuta kalamu, nadhani alikuwa tayari kutotazama.

Nikawaambia walishushe.

Hawakunielewa. Loutfia mwenyewe aliniambia, "Kaltoum, twende, imekwisha patikana." Nikamwambia ikitoka kwa jina lake, mwaka ujao watakuja kumtafuta tena, na hawatamkuta tena. Wakalishusha. Nikamwambia ofisa afute aandike upya. Akasema hajawahi. Nikamwambia na nchi yake pia haijawahi kuwapo, na leo ina muhuri. Wachukuzi wakacheka, na nafikiri ni kicheko hicho kilichomtoa jasho, maana akavuta karatasi na kuuliza jina, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza jambo la faragha.

Palikuwa na wanaume zaidi ya waliokuwa barazani Patsi siku ile. Nikalitaja. Hakulisikia vizuri, akaniomba tena. Mara ya pili nililitaja kwa sauti ambayo naamini ilifika kwenye meli.

Mashine iko Patsi, chini ya paa la makuti karibu na mtaro wa juu. Inapiga kelele na inatema vumbi, na foleni inafika barabarani. Mkanda wake utakatika siku moja, basi tafuta mwingine mapema, na ukiagiza ujue wa kumwandikia.

Uliniuliza zamani kwa nini Salimou haleti salamu, na mimi nikakuambia kibao chake kina kazi nyingine. Desemba hapakuwa na fundi wa kuchonga wala wa kuchora. Tulikichomeka kaburini. Miezi yote ile, hapo ndipo mahali pekee kibao hicho kilipomkuta mtu wake. Lakini kilikuwa kimeandikwa "Salimou Ilias, mkulima", na yeye mwenyewe angelicheka hilo mpaka akohoe. Juzi nilikwenda na msumari. Neno la mwisho nimelikwaruza mpaka bati likang'aa. Jina nimeliacha.

Njoo kwenye harusi. Utafikia kwangu.

Kaltoum binti Ambari,
mkulima, Patsi